Nyoka ya Mwalimu Tshibangu na nyama ya frigo

Batu benye banapita ku barabara ya kwetu Bulengera banajua nyumba yangu juu ya bitu mbili: ukuta ya bleu, na nyoka. Ukuta ni yangu. Nyoka ilikuwa ya mupangaji yangu, Mwalimu Tshibangu, na ni habari ya Mwalimu njo niko nayo leo. Mutu akikaa mu parcelle yako myaka saba, akaenda, na wewe unakosa hata kumusimulia, ni sawa umemwiba.

Tshibangu ni Mukasai. Serikali ilimutuma huku kufundisha biologie, akiwa kijana ya kola nyeupe, kisha ikamusahau. Kwanza alifundisha Beni, mu commune ya Beu. Kule masomo ilikuwa inafungwa juma mbili, inafunguliwa juma moja, inafungwa tena, kufuatana na habari ya mauaji yenye ilitoka ku mashamba. Siku moja akachoka. Akafika Butembo nyuma ya pikipiki, godoro ku mugongo, compas kubwa ya ubao ku bega, na ndoo yenye kifuniko katikati ya magoti. Mi, bibi muzee mwenye batu bote banaitaka Koko, nilikuwa nasimama ku mulango.

Nikamuuliza: «Mwalimu, mu ndoo muko nini?»

Akasema: «Koko, ni Inspekteri.»

Alimupa jina ile juu anakuja, anakula, analala, na hapana kusema kama amefurahi. Nikachungulia. Ilikuwa chatu, ile aina fupi yenye haipite urefu ya mikono mbili, rangi ya kahawia na madoa sawa mukeka. Ukimugusa anajikunja, anakuwa ngumi, kichwa anaficha ndani. Alitoka mu gunia ya makala, mu camion yenye ilikuja upande ya Ituri. Batoto ya masomo balikuwa tayari na mawe mu mikono. Mwalimu akasimama katikati yao, na ile Swahili yake ya kuvunjika akabaambia: «Huyu ni leçon, ni somo ya kesho. Mutu hapana kuua leçon.»

Mi sikuogopa. Baba yangu alifugaka chatu mukubwa kupita ule, yenye ilimeza baisikeli ya Mubelgiji mumoja. Mubelgiji mwenyewe aliruka dakika ya mwisho, akaacha kofia. Juma tatu tulikuwa tunasikia kengele mu tumbo, kring kring, kila nyoka akipinda kona. Batu banasema ni bongo, uongo mutupu. Bale benye baliona bananyamaza, juu balikwisha kufa.

Donc Mwalimu akakaa. Asubui anaenda na chaki, batoto tisini mu darasa moja. Mangaribi anarudi mweupe mupaka ku nyusi, anafua shati yake, anakaa mbele ya sanduku ya kioo, anaanza kumuelezea Inspekteri siku yake kwa Tshiluba. Inspekteri alikuwa anasikiliza vizuri kupita bale tisini. Mwalimu alikuwa mutu mwenye anachokaka mbele jua itoke. Sikumuona analewa, sikumuona anagombana, na kucheka, labda mara moja kwa mwezi, kama mwezi ni murefu.

Kila wiki mbili, siku ya samedi, alikuwa anachukua kwangu cobaye moja mutoto. Kwetu cobaye biko mu kila jikoni: bitu bidogo bya manyoya bisivyo na mukia, binakimbia chini ya meza na kulia wii-wii bikisikia kisu inakata majani. Mwalimu alikuwa anaingiza moja muzima mu sanduku. Inalia mara moja. Kisha kimya.

Sasa, mu chumba ya mbele, yenye inaangalia barabara, nilipangisha, mwaka uleule Mwalimu alifika, mwanamuke mumoja, Jeannine, mwenye anauzisha samaki ya tomson mu frigo kubwa; ile chumba njo depot yake. Alitoka kule mbele ya Beni, mu kijiji yenye hataje, na alifika hapa bila kiatu. Sikumuuliza. Mutu anaulizaka mwenye anataka kujibu. Lakini niliona kitu moja. Kila samedi ya nyoka kula, ile cobaye ikilia, Jeannine anaweka kisu chini, anatoka ku barabara, mvua ao jua, anaweka mikono ku masikio sawa mutu anayetengeneza kitambaa ya kichwa. Anangoja. Kisha anarudi, anaendelea kukata samaki. Mwalimu alikuwa nyuma ya nyumba, hakujua. Mi nilijua, na nilinyamaza. Nilifikiri, kila mutu eko na namna yake ya kumaliza samedi.

Na njo barua ikafika. Serikali ilikumbuka Tshibangu. Banamuhamisha kwao Kasai, kwa mama yake mwenye haone tena na mwenye anamuuliza ku telefone kila dimanche: «Uko wapi sasa?» Ndege inatoka Beni siku ya mardi, kiisha juma tano. Nilifikiri atafurahi. Alisoma ile barua mara tatu, akaikunja, akaenda kukaa mbele ya sanduku.

«Koko, huyu hawezi kupanda ndege.»

«Muache mu majani.»

«Majani gani? Hapa ataona mutu na jembe mbele ya kuona majani. Na kule pori, siku hizi, hata mwenye shamba hapana kuenda kuona shamba yake.»

Ni kweli. Na ni Jeannine, na beseni ya tomson mu mikono, akasema: «Mi nitamuchukua.»

Tukamuangalia. Akasema panya ilikata kamba ya frigo yake mara mbili, samaki ikaoza mupaka batu ya avenue ya pili banamutukana. Tangu Mwalimu asukume sanduku ku ukuta ya depot yake, hakuna panya hata moja. Ile harufu ya nyoka njo inabafukuza.

«Mais,» akasema, na akaweka beseni chini, «hakuna kitu italia mu nyumba yangu. Vilio, nilisikia ya kutosha maisha yangu na ya mutu mwingine. Kama anakula kitu yenye imekwisha kufa, yenye inakaa mu frigo chini ya samaki, nitamupa. Kama hapana, Mwalimu, unisamehe.»

«Maman Jeannine, huyu hajakula kitu yenye imekufa tangu azaliwe.»

«Ajifunze. We si mwalimu?»

Na Inspekteri, juu ya baridi ya kwetu, alikuwa tayari anafunga tangu mwezi mbili, sawa pasta mwenye anatafuta gari. Mufupa ya mugongo yake ilianza kusimama juu ya kukonda. Kama hatakula nyama ya frigo mbele ya ile mardi, ni kumuachia bajirani na majembe. Wote tulijua vile.

Kazi ya kwanza nilichukua mi, juu cobaye ni yangu na kisu ni yangu. Nikaua, nikaimwangia maji ya moto, nikapara manyoya yote mupaka ngozi ikawa nyeupe sawa mutoto ya Mubelgiji. Nikafungua tumbo, nikasafisha mara tatu, nikaweka chumvi kidogo, kidogo tu. Nikafunga mu jani ya mugomba, siku mbili mu frigo. Siku ya tatu nikaiacha itoke barafu, nikamuletea Mwalimu ku sahani ya maua, ile ya bageni.

Inspekteri akaangalia. Akageuza mugongo.

«Koko,» Mwalimu akasema polepole, «manyoya iko wapi?»

«Nilitoa.»

«Na matumbo?»

«Nilitoa. Kwetu mugeni hapana kupewa nyama na manyoya. Unataka aseme nini juu yetu?»

«Koko, umemupikia.»

«Sikupika. Nilitengeneza. Kupika kungekuwa na nyanya.»

Akakaa ku kitanda, akacheka mupaka machozi. Ile njo ilikuwa kicheko yake ya mwezi.

Mara ya pili tuliacha manyoya. Lakini Jeannine aliiweka mu frigo bila kuifunga, juu ya tomson, na ikatoka ngumu sawa tofali na harufu ya samaki mupaka ku kucha. Mwalimu aliiweka karibu ya mbabula ya makala ipate moto. Akageuka kidogo kusahihisha makaratasi ya batoto, na upande moja ikaungua. Balevi babili balisimama ku barabara, bakauliza brochette, mishikaki, ni ya wapi. Inspekteri alitoa ulimi mara mbili, akaingia chini ya chungu yake ya kuvunjika. Hata mi ningeingia.

Mwalimu akatafuta mu telefone. Kule Ulaya kuko batu benye kazi yao ni kuuliza nyoka yao iko na hamu ya nini. Banasema: funga nyama mu plastiki, ishike mbali na kitu ingine, itoe barafu polepole, kisha iweke mu maji ya moto mupaka iwe na joto ya kwapa. Halafu uishike na pinsi ndefu na uichezeshe, adanganyike iko nzima. Wasingya, aksanti, batu ya Ulaya. Tukafanya vile. Pinsi yangu ya makala ilikuwa ndefu. Mutu ya myaka makumi tano na mbili, diplôme ku ukuta, anapiga magoti na anachezesha maiti ya cobaye mbele ya kioo: inaruka, inapumzika, inageuka. Jeannine alisimama nyuma yake, mi nyuma ya Jeannine, shingo nje.

Inspekteri akapiga! Akaikamata. Sisi wote tukavuta pumzi. Akaangalia Mwalimu, akaangalia Jeannine, akaniangalia mi. Akaiachilia.

«Ni nini tena?» Jeannine akasema. «Anataka na bugali?»

Hakuna mutu alicheka. Ilikuwa juma ya ine. Mugongo ya nyoka ilikuwa sasa inasimama sawa paa ya nyumba.

Na njo pale Mwalimu alifanya kosa. Ilikuwa jeudi, mi nilienda ku maombi ya bamama. Alirudi masomo mapema, akaangalia ule mugongo, akashindwa. Ye mwenye anaombaka ruhusa hata ya kuchota maji yangu, akaingia mu jikoni, akachukua cobaye nzima, akaiweka mu sanduku. Na juu Inspekteri alikuwa ameregea, hakukamata vizuri. Ile cobaye ililia murefu mbele aimeze. Ililia sawa vile haikuliaka samedi hata moja.

Nilipofika, frigo ilikuwa wazi. Muteja mumoja alikuwa anasimama peke yake na samaki yenye haina kichwa. «Mama alitoka,» akaniambia. «Hakusema kitu. Alienda hivi, mu mvua.»

Jeannine alirudi saa kumi na mbili, maji inatoka ku kikwembe. Akafunga frigo. Akasema bila kuniangalia: «Koko, nimeacha. Mwalimu atafute mutu mwingine.»

Nikaenda kwa Mwalimu. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na hasira juu yangu pia.

«Umekula cobaye yangu.»

«Nitakupa ingine, Koko. Inspekteri alikuwa anakufa mbele yangu.»

«Sikuja juu ya cobaye. Unajua Jeannine anaendaka wapi kila samedi ya cobaye?»

Hakujua. Nikamuelezea: barabara, mvua, mikono ku masikio, ile kitambaa yenye haikuwe na shida. Myaka saba, Mwalimu. Akasikiliza mupaka mwisho. Akafunika uso na mikono yake ya chaki.

«Na hukuniambia?»

«Ungefanya nini?»

«Sijui. Ningejua.»

Hii neno ilinichoma. Mi nasema mingi, kila mutu ya Bulengera anajua, ninasema hata bitu yenye haikuwe. Na ile moja yenye ilikuwa, sikuisema.

Kesho yake asubui akaenda kusimama mbele ya depot, kofia mu mikono, sawa mutoto mwenye alivunja dirisha ya masomo.

«Maman Jeannine, nilihurumia moja nikaumiza mwingine. Sikujua. Sasa najua.»

«Mwalimu, sina hasira. Niko na kuchoka.»

«Hata mi.»

«Basi tuchoke kila mutu kwake.»

Lakini hakuenda. Alibaki pale, ye na kofia, na Jeannine alikuwa anakata samaki, anakata, mupaka ikabaki vipande bidogo sana bya kuuzisha. Kiisha akasema: «Mara moja. Moja tu. Kitu ikilia, hata mulango ikilia, mi siko.»

Nyoka mwenye amekula, unamuacha siku kumi apate njaa tena. Tukahesabu: ilituangusha ku dimanche ya mwisho, siku mbili mbele ya ndege. Hakuna nafasi ya kukosea.

Zile siku kumi nilifikiri. Mi sikusoma, lakini nilizaa na nilioza batoto, na nilimufikiria marehemu bwana yangu. Tulipooana, alikuja kwa mama yangu, akakaa siku mbili na njaa. Mama alimupikia kuku, akamupikia bundu, ile bugali yetu, akamuwekea, na akakaa palepale ku kiti, anamuangalia kama anakula vizuri. Na mukwe hapana kukula mbele ya mama-mukwe! Ule mwanaume alikuwa anameza mate tu. Tumbo yake ilinguruma mupaka bajirani balitoa nguo ku kamba, balifikiri ni mvua. Shangazi akatoka kwake, akamukokota mama nje, akafunika sahani na kitunga, akafunga mulango. Tulipofungua, sahani ilikuwa safi, na kitunga ilikuwa imeumwa ku kando.

Samedi nikamuita Mwalimu. «Inspekteri ni mukwe. Na sisi batatu tunamusimamia ku kinywa.»

Akataka kucheka, kisha hakucheka. «Koko, mu telefone batu bengine banasema hivyo. Kumufungia gizani, kumuachia peke yake.»

«Na kwa nini hukufanya?»

«Nilitaka kumuona anakula.»

«We njo mama-mukwe mwenyewe.»

Dimanche, tulipotoka ku kanisa, tukaanza. Ile cobaye ilikuwa mu bidon ya kufunga, mbali na tomson. Mwalimu akaitoa barafu, akaipasha mu maji, akaipangusa manyoya mupaka ikakauka. Mi nikachota majani ya kona ya jikoni yangu, kwenye cobaye zinalalaka, na mavi yake na yote, nikajaza chini ya ndoo. Tukaisugua mule ndani mupaka ikanusa nyumba yangu, moshi na vyote. Tukaweka nyoka. Kifuniko yenye matundu, jiwe juu ya kifuniko, kikwembe juu ya jiwe.

«Niangalie ku tundu kidogo?» Mwalimu akauliza.

«Toka!»

Nikafunga mulango. Tukakaa batatu ku banc, chini ya paa, mugongo ku mulango. Jeannine alikaa ku mwisho ya banc upande ya barabara, sawa mutu mwenye hajavua mukoba. Mvua ilikuwa inaisha. Mapikipiki ilipita, moja na godoro, moja na mbuzi.

Kisha Mwalimu akasema, polepole, sawa anasema na magoti yake: «Kasai niliacha mama. Beni niliacha batoto ya masomo, bengine sijui bako wapi. Kuacha, Koko, nimechoka nayo.»

Nikamusogelea kidogo ku banc.

Mu ndoo, kitu ikapiga ku kando. Pu! Mara moja, nguvu. Mikono ya Jeannine ikapanda ku kichwa, ikasimama ku kitambaa. Mwalimu akataka kuamka, nikamushika koti. Tukangoja. Mikono ya Jeannine ilibaki pale juu, ilibaki, na hakuna kitu ikalia. Maji ilikuwa inadondoka ku paa, basi. Polepole mikono ikashuka ku magoti. Kisha kichwa yake ikaanza kuanguka, inaamka, inaanguka, mupaka ikafika ku bega yangu na ikabaki. Myaka yote ile, mi sikumuona Jeannine analala mchana. Alikuwa na uzito ya gunia ya maharagi.

Mwalimu akavua viatu. Akafungua mulango sawa mwizi ya mulango yake mwenyewe. Aliporudi, uso yake haikuwe na furaha, ilikuwa na kitu ingine, sawa mutu mwenye bamemushusha muzigo na bado anainama.

«Anakula,» akaniambia ku sikio. «Miguu ya nyuma tu njo inabaki nje.»

Nilitaka kupiga vigelegele. Nikamuonyesha na macho kichwa yenye ilikuwa ku bega yangu. Akafunga kinywa, akakaa chini, miguu wazi.

Mwanamuke mumoja akafika na beseni, anataka tomson, na alikuwa tayari anafungua kinywa aite. Mwalimu akaweka kidole ku midomo. Akaamka, akaingia mu depot na ile miguu yake wazi, akafungua frigo taratibu isilie, akamuchagulia samaki mbili nzuri, akamufungia mu karatasi. Kiisha ule akaja mwingine, na mwingine. Wote aliwauzishia kimya, na vidole, sawa anafundisha darasa ya babubu.

Bega yangu ilikufa ganzi. Saa kumi Jeannine akafungua macho, akajipangusa mate, akaangalia mulango, akaniangalia mi.

«Mushaanza kumulisha?» akauliza. «Sikusikia kitu ikilia.»